Kufundisha Kiingereza nje ya nchi ukiwa si mzawa wa lugha: soma sheria ya viza kabla ya kulipia cheti

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimefundisha Kiingereza ugenini kwa miaka sita, katika nchi mbili. Kiingereza sikukikuta nyumbani, nilikikuta darasani, kwa chaki na kamusi. Uzi huu nimeufungua kwa sababu ya ujumbe wa aina moja ambao umeshaniingia mara nyingi mno: "Mwalimu, nimemaliza kozi ya TEFL (kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) ya saa 120 mtandaoni, cheti ninacho. Sasa nataka kwenda Korea Kusini, nianzie wapi?" Huwa naumia kuujibu, maana jibu lake ni fupi na mtu huyu alipaswa kulipata kabla hajatoa pesa yake.

Viza ya walimu wa lugha ya Korea Kusini inaitwa E-2. Kwa Kiingereza, hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kuna upenyo mwembamba kwa walimu wa India wenye leseni, uliotokana na makubaliano ya kiuchumi kati ya nchi hizo mbili. Ukishatoka hapo, hata uwe na 9 kamili, alama ya juu kabisa, kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS, mwajiri anaweza kukupenda, akakusifu, akatamani uanze kesho, na bado asiwe na namna ya kukuombea viza hiyo. Wa Afrika Kusini wenyewe, wakiomba mpango wa shule za serikali uitwao EPIK, hutakiwa kuthibitisha kwamba wamesoma kwa Kiingereza tangu darasa la 7 hadi chuo kikuu.

Ndiyo maana nasema kuna kuta mbili, na watu wanazichanganya. Wa kwanza ni sheria ya uhamiaji. Wa pili ni mwajiri na mazoea yake. Huo wa pili unaweza kuubishia hodi, ukarudi tena, ukapeleka video, ukaomba nafasi ya kufundisha mbele yao, na siku moja ukafunguka. Wa kwanza haufunguki kwa juhudi. Ukijua ni ukuta upi ulio mbele yako, utajua kama ujipange au ugeuze njia.

China inawatatanisha wengi kwa sababu matangazo yake hayaishi. Kanuni ya kibali cha kazi inataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kwanza, awe na shahada na uzoefu wa miaka 2. Uzoefu husamehewa kwa mwenye shahada ya ualimu au ya lugha, leseni ya ualimu ya kwao, au cheti cha kimataifa cha kufundisha lugha. Kwa sisi, mlango unaopitika zaidi ni shahada iliyotolewa na chuo cha nchi inayozungumza Kiingereza, na hata hapo mkoa mmoja hukubali, mwingine hukataa. Lakini mwalimu wa hesabu au fizikia anayefundisha kwa Kiingereza yuko fungu jingine kabisa, haulizwi lugha mama yake. Mwenye shahada ya sayansi na miaka kadhaa ya darasani, tafadhali usijilazimishe kuomba kazi ya sarufi wakati mlango wako uko wazi.

Japani haina orodha ya pasipoti. Uhamiaji wao huangalia kama umesoma kwa lugha unayokwenda kufundisha kwa miaka isiyopungua 12. Aliyesoma kwa Kiingereza tangu utoto hadi chuo anavuka, ila awe na barua za shule zake zote zinazosema hivyo. Mpango wa JET, ulioanza mwaka 1987, huchukua walimu wasaidizi kupitia balozi za Japani, na nchi zinazoshiriki hubadilika, kwa hiyo swali hilo lipeleke ubalozini wala usimuulize wakala.

Vietnam na Thailand zinatutambua waziwazi kwenye kanuni zao, na hilo nalithamini, hata kama masharti yapo. Vietnam, kwa vituo vya lugha, mtu asiye mzawa ambaye shahada yake si ya lugha huombwa kuonyesha kiwango cha C1 (ngazi ya pili kutoka juu katika vipimo vya lugha, ya juu kabisa ni C2) pamoja na cheti cha kufundishia. Thailand huomba mtihani wa lugha, kwa kawaida TOEIC kuanzia 600 au IELTS ya 5.5. Nenda shule za Thailand uone Wafilipino walivyojaa humo, na wengi wao wameshika madarasa magumu kuliko yote.

Nitarudi kuandika kuhusu vyeti. Ulizeni.

#2

Mkuu, nimesoma na moyo umenishuka. Nimesoma Kiingereza tangu nina miaka sita, nimeandika tasnifu kwa Kiingereza, naota kwa Kiingereza. Ina maana Kiingereza ni pasipoti? Nani aliamua kwamba mzawa ndiye mwalimu?

#3 (mleta uzi)

Mkuu, swali lako lina historia, na sehemu ya historia hiyo iko karibu nasi kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 1961 huko Makerere, Uganda, ulifanyika mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mtaalamu wa isimu Robert Phillipson, akiandika mwaka 1992, alichambua imani zilizotoka katika mkutano ule na kuziita potofu. Alizitaja tano: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni mzawa, kwamba kadiri mtoto anavyoanza mapema ndivyo bora, kwamba kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo bora, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango cha Kiingereza kitashuka. Angalia hiyo ya pili. Wengi wa waliohukumiwa nayo hawakuwa hata wamezaliwa.

Tangu hapo wapo waliopigana. Péter Medgyes wa Hungaria, mwalimu asiye mzawa, aliandika miaka hiyohiyo ya 1990 akionyesha kwamba mzawa na asiye mzawa wana nguvu tofauti, na kwamba wote wawili wanaweza kuwa walimu wazuri. Ndani ya TESOL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, kundi la walimu wasio wazawa liliundwa mwaka 1998, na mwaka 2006 chama kikatoa tamko rasmi la kupinga ubaguzi dhidi yao. Mtaalamu wa isimu David Crystal naye amekadiria kwamba wasio wazawa wanawazidi wazawa karibu mara tatu. Maana yake mwanafunzi wako, akija kukitumia Kiingereza kazini, atazungumza zaidi na watu kama wewe.

Sijawahi kuona tamko likimpa mtu kibali cha kazi, na sitakudanganya kwamba lipo la namna hiyo. Kwangu lilifanya jambo dogo ambalo sijalisahau. Tangazo moja lilisema "wazawa tu". Nilijua sheria ya nchi ile haikuwa na sharti hilo, lilikuwa la shule yenyewe. Nikawaandikia mistari mitano, kwa adabu: sheria yenu inaruhusu, chama cha walimu wa Kiingereza kinasema hivi, na hii hapa video ya dakika kumi nikifundisha. Wiki mbili kimya. Ya tatu wakaniita kwenye usaili. Ndiko nilikoanzia.

#4

Nipinge kidogo, mwalimu, kwa nia njema. Hoja za wasio wazawa huwa zinasema: sisi tunaijua lugha mama ya mwanafunzi, tunajua anapokwama. Sawa, nyumbani. Ukienda kufundisha Wavietinamu, Kivietinamu unakijua? Faida hiyo inabaki uwanja wa ndege. Na lafudhi yako ni ngeni kwao vilevile.

#5 (mleta uzi)

Umesema kweli, na wengi wanaotutetea huipita hoja hiyo harakaharaka. Lugha mama ya mwanafunzi hatunayo kule. Nilipofika, sikuweza kusoma hata kibao cha choo.

Tunachobaki nacho ni kwamba tumejifunza sarufi hii tukiwa na akili ya kukumbuka tulivyojifunza. Niwape mfano mmoja wa darasani.

Mwanafunzi wangu mmoja, fundi wa mitambo, mtu mzima, aliandika: "My father has gone to Singapore three times." Mwenzangu niliyeshirikiana naye darasa lile, mzawa na mwalimu mwema sana, alimwambia inasikika vibaya, iwe "has been". Yule baba akaandika upya, akanyamaza. Wiki iliyofuata akarudia kosa lilelile. Nami nikakumbuka nilivyolifanya mwenyewe, na nilivyolitoa. Kiswahili ndicho kilichonitoa: "amekwenda Singapore" na "amewahi kwenda Singapore". Wa kwanza hayupo, wa pili ameketi hapa nyumbani anasimulia.

Sikuwa na Kivietinamu cha kumwambia hivyo. Nikachora nyumba ubaoni na mshale mmoja unaotoka kwenda kwenye ndege, hauna kurudi, nikaandika "gone" juu yake. Pembeni nikachora nyumba nyingine na mshale unaokwenda na kurudi, mara tatu, nikaandika "been". Nikamuuliza: baba yako yuko wapi sasa hivi? Akajibu: nyumbani, anakunywa chai. Akaangalia michoro, akainuka mwenyewe, akashika kalamu na kuchora kichwa cha baba yake ndani ya nyumba ya pili. Hakulirudia tena kosa lile mbele yangu.

Mwenzangu yule aliniomba ile michoro. Naye alinifundisha mambo mengi ambayo mimi sikuwa nayo: vichekesho vya lugha, namna ya kukataa jambo bila kuumiza, sauti inavyopanda mtu anapouliza jambo analolijua tayari. Shule yetu ilikuwa na bahati ya kuwa na sisi wote. Kilichoniumiza ni kwamba yeye alilipwa karibu mara mbili yangu, na alikuwa na cheti kimoja pungufu. Alipogundua, alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule kunisemea. Haikubadilika mwaka ule. Mwaka uliofuata niliongezewa.

Kuhusu lafudhi: kinachotakiwa ni kueleweka. Jirekodi dakika tatu, mpe mtu asiyekujua aandike anachosikia. Maneno atakayoyakosea ndiyo ya kuyafanyia kazi. Mimi yalikuwa yale yanayoishia na konsonanti mbili tatu pamoja, kama "asked" na "months". Miezi miwili ya mazoezi ya kila asubuhi. Kujifanya Mmarekani hakukunisaidia chochote, na wanafunzi husikia mtu anapoigiza.

#6

Naomba nichangie kwa uchungu ili mwingine asipite nilikopita. Nchi sitaitaja, ni Asia ya Kusini-Mashariki. Wakala aliniambia: "Njoo kwa viza ya utalii, shule itakubadilishia ukifika, wote wanafanya hivyo." Nililipa ada ya wakala, tiketi nikajikatia. Nilipofika, shule wakachukua pasipoti yangu "kwa ajili ya usajili". Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kibali hakuna. Kila viza ikikaribia kuisha napandishwa basi la usiku hadi mpakani, nagongewa muhuri, narudi asubuhi na kuingia darasani saa mbili. Mshahara ukaanza kukatwa nusu, eti gharama za karatasi. Ningelalamika wapi? Kisheria mimi nilikuwa mtalii anayefanya kazi kinyume cha sheria. Niliyevunja sheria ni mimi.

Niliondoka mwezi wa tano. Pasipoti niliipata baada ya kuwaambia naenda ubalozini siku hiyohiyo. Hadi leo nikisikia mlango wa basi unafungwa usiku natoka jasho.

#7 (mleta uzi)

Dada, au kaka, pole sana. Na asante kwa kuyaandika, najua si mepesi.

Wote mlioko humu, someni #6 mara mbili. Sisi wasio wazawa ndio tunaowindwa zaidi na mawakala wa namna hii, kwa sababu tumeshakataliwa mara nyingi na tuna njaa ya "ndiyo" ya kwanza. Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kukubali chochote, muulizeni mwajiri aina ya viza kwa jina lake. Si "viza ya kazi" tu. China ni Z. Thailand ni Non-Immigrant B, kisha kibali cha kazi, na kwa shule za kawaida kuna suala la leseni au msamaha wa leseni kutoka baraza la walimu. Mwajiri wa kweli anazitaja bila kufikiri, maana ameshazifanya mara nyingi. Anayesema "utajua ukifika" hana karatasi.

Ada ya kupatiwa kazi usiilipe. Wakala halali hulipwa na shule. Gharama zako ni za nyaraka: shahada, transkripti, hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, na kuzithibitisha. Nyaraka hizi ndizo zinazokula muda kuliko usaili wote. Kama nchi iliyotoa shahada na nchi unayokwenda zote ni wanachama wa mkataba wa Hague wa 1961, unahitaji muhuri mmoja uitwao apostili. China iliingia kwenye utaratibu huo Novemba 2023, na iliwapunguzia watu safari nyingi. Kama mojawapo si mwanachama, nyaraka huzunguka: mthibitishaji, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Hati ya polisi ina umri, nyingi hazikubaliki zikipita miezi sita, kwa hiyo iache iwe ya mwisho kuombwa. Mimi niliiomba ya kwanza kwa pupa, shahada ikachelewa kuthibitishwa, nikarudi kuiomba upya.

Na pasipoti yako ikae mfukoni mwako. Shule ikitaka kuiona, iione ukiwa umesimama pale, itoe nakala, ikurudishie.

#8

Wakuu mbona mnajitesa. CV iandikwe "lugha mama: Kiingereza", basi. Nani atakuja kukagua ulizungumza nini na bibi yako? Jamaa yangu aliandika amezaliwa London, akapata.

#9 (mleta uzi)

Hapa tutenganishe mambo mawili, mkuu.

Kama nyumbani kwenu mlizungumza Kiingereza pamoja na lugha nyingine tangu utoto, andika hivyo bila woga, maana ni kweli. Mtu anaweza kuwa na lugha za kwanza mbili. Mamilioni ya watu duniani wamekua hivyo, na hakuna ofisi yenye haki ya kuwaambia Kiingereza chao ni cha kuazima.

Lakini kuandika ulizaliwa mahali ambapo hukuzaliwa ni kughushi. Pasipoti inaonyesha mahali pa kuzaliwa. Ombi la kibali cha kazi ni tamko mbele ya serikali ya watu. Likigundulika, unafukuzwa nchini, na rekodi hiyo inakufuata kila ubalozi utakaokwenda baadaye. Halafu fikiria darasani: mwaka mzima unaishi na hadithi ya London, mwanafunzi anakuuliza mtaa gani, unabuni mtaa. Unasimama mbele ya watu wanaokuamini huku umejificha. Mimi nilipowaambia wanafunzi wangu siku ya kwanza kwamba hata mimi nimejifunza Kiingereza kama wao, binti mmoja wa nyuma aliinua kichwa kwenye simu yake. Akauliza: ilikuchukua miaka mingapi? Kuanzia hapo alikuwa wa kwanza kuingia darasani.

Kwenye CV usianze na suala la uzawa kabisa. Anza na kiwango kinachopimika: C2, kwa mtihani gani, mwaka gani. Kumbuka matokeo ya IELTS hutambuliwa kwa miaka 2 tu, wakati cheti cha Cambridge cha C2 hakina tarehe ya mwisho. Kama unapanga kutafuta kazi kwa muda mrefu, hilo ni jambo la kulipigia hesabu.

#10

Mwalimu uliahidi vyeti. Mimi nimeshanunua cha saa 120 cha bei nafuu mtandaoni. Nimepoteza?

#11 (mleta uzi)

Hujapoteza yote. Baadhi ya nchi na shule wanataka tu kuona saa 120 kwenye karatasi, na hapo cheti chako kitatosha. Ila mwalimu anayejua kazi atakuuliza swali moja: ulifundisha wanafunzi wangapi kwenye hiyo kozi? Kama jibu ni sifuri, cheti kimeisha nguvu hapo.

CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity ni tofauti kwa sababu ndani yake mna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi, huku mkufunzi amekaa nyuma na daftari. Kujiunga CELTA kunataka Kiingereza cha C1 kwenda juu, hawaulizi pasipoti, na kwenye usaili wao nilipewa sarufi ya kuchambua na insha ya kuandika papohapo. Kozi ya kutwa huchukua wiki nne au tano na haina muda wa kulala vizuri. Ni ghali, sitaficha. Kwa mzawa mwenye pasipoti inayopendwa, labda ataishi bila hiyo. Kwa sisi, nadhani ndiyo pesa iliyonilipa kuliko zote nilizotoa, mradi uwe umeshahakikisha sheria ya nchi unayoitaka inakuruhusu.

Nikumbuke somo langu la kwanza pale. Dakika 40, watu wazima tisa, nimejipanga na karatasi za rangi. Nikadhani nimefundisha vizuri mno, sauti yangu imesikika chumba kizima. Mkufunzi akanipa karatasi yake. Aliandika mstari mmoja juu: "Umeuliza maswali 14. 11 umeyajibu mwenyewe." Nilikaa na karatasi ile kwenye ngazi za jengo mpaka giza likaingia. Kesho yake nilifundisha nikiwa nimeuma midomo, nikauliza na kusubiri, nikihesabu kimoyomoyo hadi tano. Kwenye nne, mtu akajibu. Jambo hilo moja, kusubiri, hakuna video ya mtandaoni iliyokuwa imenifundisha.

#12

Sisi ambao hatuwezi kusafiri, tuna watoto wadogo? Kufundisha kwa intaneti kunalipa? Majukwaa mengi nikijisajili yananiuliza uraia kwanza, nikijibu skrini inaniaga.

#13 (mleta uzi)

Dada, yale makampuni makubwa yaliyokuwa yakifundisha watoto wa China kwa video ndiyo yaliyokuwa makali zaidi kwa pasipoti, na mwezi Julai 2021 serikali ya China ilizuia kampuni za masomo ya ziada kutumia walimu walioko nje ya nchi kufundisha watoto wa shule. Soko lile lilikatika ghafla, wazawa kwa maelfu wakamwagika kwenye majukwaa mengine, bei zikashuka. Kwa hiyo usitegemee kuanza na malipo mazuri.

Tafuta majukwaa ambayo mwalimu anajipangia bei na mwanafunzi anachagua mwenyewe. Hapo uraia hauzuii kujisajili, ingawa utaona mwanafunzi anaweza kuchuja wazawa tu. Namna ya kuvuka ni kutofundisha "Kiingereza" kwa jumla. Wewe ulifanya kazi gani kabla ya watoto? Kama ulikuwa muuguzi, fundisha wauguzi wanaojiandaa na mtihani wa lugha wa kwenda kufanya kazi nje. Mhasibu, fundisha wahasibu kuandika barua pepe. Mtu anayetafuta mwalimu anayejua dripu inavyowekwa hatauliza umezaliwa wapi. Rafiki yangu mmoja ameishi na wanafunzi wa namna hiyo tu kwa miaka mitatu sasa, wanaletana wenyewe kwa wenyewe.

#14

Mwalimu, mimi nina usaili kesho, shule ya watoto Vietnam. Wameomba demo (somo la mfano) ya dakika 15 kwenye video, na picha yangu nilishatuma. Mikono inatetemeka. Ngozi yangu waliiona kwenye picha na wameniita hivyohivyo, nifurahi au niogope?

#15 (mleta uzi)

Furahi. Ile picha inayoombwa kwenye maombi imewakatisha tamaa wengi wetu, na wanaotupa ombi kwa sababu ya picha wapo, nimekutana nao. Hawa wameiona na wamekuita. Ukuta huo umeshavuka.

Kwa dakika 15 fundisha kitu kimoja. Vitu vitano vya kushika kwa mkono, viwe kweli mezani kwako: kijiko, soksi, ndizi, ufunguo, kikombe. Onyesha, wataje. Ficha kimoja, waulize kipi hakipo. Kisha mmoja wa wasaili awe mwalimu, wewe uwe mtoto. Maagizo yako yawe ya maneno matatu manne, usiyaeleze kwa sentensi ndefu. Uliza, halafu subiri. Hesabu hadi tano.

Kamera iwe usawa wa macho, taa iwe mbele yako. Na piga hesabu ya saa zao leo, si kesho asubuhi. Usaili wangu wa kwanza kabisa niliukosa kwa kuhesabu tofauti ya saa upande usio wake.

#16

Nimemaliza sasa hivi! Nimetumia soksi. Mkuu wa shule mwenyewe ndiye aliyekuwa mtoto, akakosea "key" makusudi, nikasubiri, akajirekebisha. Wamesema wananitaka Agosti. Wanaomba nitume shahada yangu kwa kampuni ya vifurushi leo ili waanze taratibu.

#17 (mleta uzi)

Hongera sana! Nimesimama hapa nilipo.

Shahada halisi usiitume. Tuma nakala iliyothibitishwa. Na kabla ya hapo waandikie leo hii, sentensi moja tu: kibali cha kazi mtaniombea kabla sijasafiri, na nitaingia kwa viza ya aina gani? Ukipata jibu libandike hapa tulisome pamoja.